«Iko sawa, enda nyumbani»: Hapana, wanganga, mtueleze karatasi zetu za labo

BUKAVU. Neno hili linasemwa kila siku kwenye madirisha ya labo na ndani ya vyumba vya kupokelea wagonjwa hapa mjini kwetu: «Mama, egzame iko muzuri, enda uendelee na dawa.» Mama anapokea karatasi, anaikunja mara nne, anaifunga ndani ya kitenge, anarudi nyumbani na uchovu uleule aliokuja nao. Hakuna aliyemweleza ni kitu gani kilipimwa, wala namba ile ina maana gani, wala lini anapaswa kurudi. Amelipa dola zake, amepewa tarakimu.

Mimi nasema kazi ya namna hiyo haijakamilika. Kipimo bila maelezo ni bidhaa iliyouzwa nusu. Na kwa wagonjwa wa tezi ya shingo, ile inayoitwa tiroidi, nusu hiyo inayokosekana inaweza kumwangusha mtu. Nalisema kwa sababu imemwangusha yaya wangu.

Yaya wangu anauza vitenge sokoni Kadutu. Miaka minne iliyopita alianza kuchoka bila sababu. Alivaa sweta mbili wakati wengine wanapepea jasho. Nywele zilikatika, choo kilifunga, sauti ilikuwa nzito kama ya mwanamume, uso ukavimba. Majirani walisema amerogwa. Sisi ndugu zake, naomba Mungu atusamehe, tulisema amekuwa mvivu. Mwishoni munganga mmoja alimgusa shingo, akaagiza damu ipimwe. TSH ilikuwa 38, na T4 ilikuwa 5. Akapewa levotiroksini, wakapandisha dozi polepole hadi mikrogramu 100 kwa siku. Baada ya miezi michache TSH ilishuka hadi 2,3 na T4 ikapanda hadi 14. Yaya akarudi kuwa yaya.

Halafu mwaka jana uchovu ulirudi. Akaenda kituo cha afya. Labo ile ya zamani ilikuwa imeishiwa dawa za kupimia, basi damu ikapelekwa kwenye labo nyingine. Kwa kupunguza bei, walipima T4 peke yake. Jibu lilikuja: 1,1. Aliyempokea aliangalia fishi, akaona 14 ya zamani, akaangalia 1,1 ya sasa, akashtuka. «Mama, homoni imeisha mwilini!» Akaandika mikrogramu 200 kila siku.

Wiki ya tatu moyo ulianza kukimbia. Mikono ilitetemeka hata akashindwa kukunja kitenge vizuri mbele ya mteja. Usingizi ulitoroka. Wiki ya tano alianguka pale sokoni, katikati ya mizigo yake, wenzake wakambeba mgongoni hadi barabarani.

Pale alipopelekwa, munganga aliomba karatasi zote. Akazipanga mezani moja kando ya nyingine. Akaweka kidole kwenye herufi ndogo zinazofuata namba. Karatasi ya kwanza iliandikwa pmol/l. Ya pili iliandikwa ng/dl. Ni vipimo viwili tofauti, kama vile mtu anavyoweza kuhesabu pesa kwa franka au kwa dola. Ukichukua 1,1 ya ng/dl ukaizidisha mara 12,87 unapata 14 na kidogo. Homoni ya yaya haikuwa imeshuka hata tone. Ilikuwa palepale. Na kwenye karatasi zote mbili, pembeni kabisa, mipaka ya kawaida iliandikwa: moja 10 hadi 22, nyingine 0,8 hadi 1,8. Kila mtu aliyeishika karatasi ile angeweza kuisoma. Hakuna aliyeisoma.

Sitataja kituo. Si kwa kuogopa, ni kwa sababu jambo hili si la kituo kimoja. Ni desturi yetu sote: namba inasomwa kama bei ya mahindi, bila kuuliza ni kwa kilo au kwa kimbo.

Tezi si habari ya Wazungu

Najua kuna wasomaji watakaosema: mwandishi, watu wanalala njaa, barabara zimeharibika, wewe unatuletea tezi? Ndugu zangu, hakuna eneo lenye haki ya kuongelea tezi kuliko Kivu yetu.

Wazee wanakumbuka rovu, lile wengi huita goita. Pale kisiwani Idjwi, katika miaka ya 1960, watafiti Wabelgiji wakishirikiana na taasisi ya utafiti ya Lwiro waliwapima wakaaji, na kazi yao ikajulikana dunia nzima. Waliona kwamba iodini ilikuwa pungufu kote kisiwani, lakini rovu lilikuwa jingi sana kaskazini kuliko kusini-magharibi. Wakajiuliza kwa nini. Uchunguzi uliofuata, pale Idjwi na baadaye kule Ubangi, uliwaelekeza kwenye muhogo usiolowekwa na kutayarishwa vizuri, kwa sababu sumu yake hugeuka kitu kinachoizuia tezi kutumia ile iodini kidogo iliyopo. Kulikuwa na watoto waliozaliwa na akili iliyodumaa, wafupi, wengine bila kusikia, kwa sababu mama zao hawakuwa na iodini. Kivu imelipa deni hilo kwa mwili wake.

Kisha chumvi yenye iodini ikaingia sokoni kwa wingi katika miaka ya 1990, na rovu likapungua sana. Ni ushindi mkubwa. Lakini ushindi huo umetufanya tusahau kwamba tezi inaweza kulala hata kwa mtu anayekula chumvi nzuri. Kuna ugonjwa ambamo kinga ya mwili yenyewe inaishambulia tezi. Munganga Mjapani Hakaru Hashimoto aliueleza mwaka 1912, na hadi leo unabeba jina lake. Unawapata zaidi wanawake. Kuna pia waliokatwa tezi kwa upasuaji wa rovu, na mtu ambaye tezi yake yote iliondolewa atahitaji homoni maisha yake yote. Hao wote wako kati yetu, wanauza, wanalima, wanafundisha, na wanaambiwa kila mara kwamba «iko sawa».

Na ninyi mnaouza chupa za maji ya «kuyeyusha rovu» pale magari yanapojaza abiria, na matone ya iodini kwa kila mwenye shingo nene: acheni. Mtu mwenye ugonjwa wa Hashimoto akimeza iodini nyingi, tezi yake inaweza kulala zaidi. Mahitaji ya mtu mzima ni mikrogramu 150 kwa siku, na chumvi ya jikoni yenye iodini, iliyofunikwa vizuri isipate unyevu wala jua, inatosha kwa watu wengi. Mama mjamzito au anayenyonyesha anahitaji zaidi, mikrogramu 250 hivi.

Karatasi inasema nini

Wanasema mgonjwa hawezi kuelewa. Mimi nasema anaweza, kama mtu atakaa naye dakika kumi. Jaribuni.

TSH haitoki kwenye tezi ya shingo. Inatoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, na kazi yake ni kuiita tezi ya shingo ifanye kazi. Mfikirie mama anayemwita mtoto. Mtoto akiitika mara moja, mama anaita kwa sauti ya chini. Mtoto akinyamaza, mama anapaza sauti. Ndivyo TSH ilivyo: ikiwa juu, maana yake tezi haiitiki, homoni ni kidogo. Ikiwa chini sana, maana yake homoni imezidi, mama amenyamaza kwa sababu mtoto anapiga kelele kupita kiasi. Wengi wanadhani TSH ya juu ni homoni nyingi. Ni kinyume. Nimewasikia hata wauguzi wakikosea hapo.

Kwa mtu mzima asiye mjamzito, labo nyingi zinaweka mpaka wa kawaida wa TSH kati ya 0,4 na 4 hivi. Lakini soma mpaka ulioandikwa kwenye karatasi yako, kwa sababu kila labo ina mashine yake.

T4 huru ni homoni yenyewe inayozunguka kwenye damu. TSH juu na T4 chini: tezi imelala, dawa inahitajika. TSH imepanda kidogo, kati ya 4 na 10, na T4 iko sawa: usikimbilie dawa siku hiyohiyo. Mara nyingi hupimwa tena baada ya miezi miwili au mitatu, kwa sababu TSH hupanda pia wakati mtu anapona ugonjwa mwingine, na hata saa ya siku huibadilisha, usiku na alfajiri inakuwa juu kuliko mchana. TSH ikizidi 10 na kubaki hapo, kwa kawaida mgonjwa hutibiwa.

Kuna pia kipimo cha antikorpu, kinachoandikwa anti-TPO. Kinaonyesha kama kinga ya mwili inaishambulia tezi. Kikishaonyesha ndiyo, basi, imejulikana. Hakuna sababu ya kumlipisha mama kipimo hicho kila mara. Hakibadilishi dozi. Pesa hiyo apime TSH.

Na kwa mgonjwa wa kawaida aliye kwenye dawa, kama mfuko unatosha kipimo kimoja tu, kipimo hicho ni TSH. Kumpima yaya wangu T4 peke yake ili kumpunguzia gharama ilikuwa huruma iliyokosa njia. TSH ingekuwa 2 na kitu, na hakuna ambaye angegusa dozi yake. Wale wachache ambao tezi ya chini ya ubongo ndiyo mgonjwa, kwa mfano mama aliyepoteza damu nyingi sana wakati wa kuzaa na baada ya hapo maziwa hayakutoka, hao TSH yao haiaminiki na ni T4 inayofuatwa. Munganga anapaswa kujua yuko mbele ya mgonjwa gani.

Jambo jingine ambalo wadada wa mjini lazima wasikie: vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini vinaweza kudanganya mashine nyingi. TSH inaonekana ya chini na T4 ya juu wakati sivyo. Viacheni angalau siku mbili kabla ya kutoa damu, na mseme kwamba mnavitumia.

«Namba ni nzuri, lakini mimi bado nagonjwa»

Hapa ndipo moyo wa maneno yangu ulipo, kwa sababu hapa ndipo pande zote mbili zinakosea.

Upande wa kwanza ni wa waganguzi. TSH ikiwa sawa, wanafunga fishi. Mgonjwa akisema bado amechoka, wanamwangalia kama mtu anayetafuta sababu ya kukaa bure. Lakini TSH nzuri inasema jambo moja tu: kwamba homoni ya tezi inatosha. Haisemi kwamba mtu huyu ni mzima. Uchovu una milango mingi. Yaya wangu, walipompima baada ya kuanguka, hemoglobini yake ilikuwa 8,2. Ni damu iliyokuwa imeisha, si homoni. Kwa mwaka mzima hedhi yake ilikuwa nzito, na hakuna aliyemuuliza. Uchovu wake ulikuwa wa kweli tangu siku ya kwanza. Sababu ndiyo ilikuwa tofauti.

Kwa hiyo mtu mwenye TSH nzuri akilalamika, apimwe damu. Aulizwe hedhi. Atazamwe malaria, sukari, figo, ini. Aulizwe usingizi wake, na kama anakoroma hadi pumzi inakatika. Aulizwe kama ana mimba au kama hedhi inakaribia kukoma. Na aulizwe kwa upole moyo wake unabeba nini, kwa sababu katika mkoa huu wetu ni nani asiyebeba kitu? Huzuni ya muda mrefu inachosha mwili sawasawa na tezi iliyolala. Kumwambia mtu hivyo si kumtukana, iwapo umeketi naye kwanza.

Upande wa pili ni wetu sisi wagonjwa na ndugu zao. Tukichoka tunaongeza kidonge. Tukijisikia vizuri tunaacha. Tunakopeshana dawa kama chumvi. Dawa hii haifanyi kazi kama ile ya kichwa. Nusu yake hubaki mwilini kwa siku saba hivi, na TSH inachukua majuma sita hadi nane kutulia baada ya dozi kubadilishwa. Ukipima baada ya wiki mbili, unapima vurugu. Ukiongeza dozi kwa hisia, utajikuta pale alipojikuta yaya: TSH yake siku ile ilikuwa 0,05. Kukaa hapo muda mrefu kunachafua mapigo ya moyo na kula mifupa, hasa kwa wamama walioacha hedhi. Kuna mama aliniambia: «Dozi ikizidi ninakuwa na nguvu na ninakonda, ni muzuri.» Mama yangu, hiyo si nguvu. Ni moto unaochoma nyumba.

Ni kweli pia kwamba wapo wagonjwa wachache ambao kila kitu kimepimwa, kila kitu ni kizuri, dawa wanainywa vizuri, na bado hawajirudii walivyokuwa. Ulaya na Marekani watu hao wanabishana na wanganga wao kuhusu kuongeza homoni ya pili, T3. Majaribio mengi hayakuonyesha kwamba inawasaidia wagonjwa wengi zaidi kuliko T4 peke yake, ingawa mjadala haujaisha. Hapa kwetu, ambapo hata TSH ni shida kuipima, mtu asianze T3 ya kununua kwa simu. Lakini asiambiwe pia kwamba anaongopa. Munganga mwenye heshima anaweza kusema: «Nimetafuta, sijapata, tutaendelea kutafuta pamoja.» Hakuna mgonjwa aliyekufa kwa kusikia hivyo.

Swali la bure

Yaya alirudishwa mikrogramu 100, akapewa vidonge vya chuma kwa ajili ya damu. Tukashukuru. Miezi miwili baadaye TSH ilikuwa 9,4. Mara hii nilikuwa naye. Kalamu ilikuwa tayari juu ya ordonansi kuongeza dozi, ndipo kijana mmoja muuguzi, aliyekuwa anasimama nyuma, akauliza: «Yaya, hivi vidonge viwili unavikunywa saa ngapi?»

Yaya akajibu: «Vyote asubuhi, pamoja na uji wa masoso, ili nisisahau.»

Basi. Chuma kinashikana na levotiroksini tumboni, haiingii vizuri. Soya iliyo ndani ya masoso nayo inapunguza. Walimwachia dozi ileile, wakamtenganishia saa. Majuma manane baadaye TSH ilikuwa 2,6. Swali lile halikuhitaji mashine, wala umeme, wala dola.

Kwa hiyo wekeni hili kichwani, au lichaneni mkalibandike ukutani. Levotiroksini inanywewa kwa maji matupu, tumbo likiwa halina kitu, nusu saa hadi saa moja kabla ya chai, kahawa au uji. Vidonge vya chuma, vya kalsiamu na dawa za kiungulia vikae mbali nayo kwa saa nne. Anayeshindwa asubuhi anaweza kunywa usiku wakati wa kulala, saa tatu au zaidi baada ya bugali. La muhimu ni kufanya hivyohivyo kila siku. Dawa ikae pakavu, mbali na jua na moshi wa jikoni, si ile iliyopangwa juu ya meza ya barabarani inachomwa tangu asubuhi. Soma boksi kila unaponunua, kwa sababu kuna za 25, za 50 na za 100, na boksi hufanana. Farmasi ikikupa ya kiwanda kingine, endelea, lakini pima TSH baada ya majuma sita hivi.

Sombe na bugali ya muhogo hamjakatazwa. Muhogo ulowekwe na ukauke vizuri, chumvi iwe na iodini, mle kwa amani.

Mama mjamzito hawezi kungoja

Kama kuna sehemu moja ambapo uvivu wa kueleza ni dhambi, ni hapa. Katika miezi mitatu ya kwanza mtoto tumboni anategemea homoni ya mama yake ili ubongo wake ujengwe. Mwanamke aliye kwenye levotiroksini akipata mimba, mahitaji yake yanapanda mapema, kwa robo ya dozi au zaidi. Anatakiwa aende kupimwa mara tu hedhi inapokosekana, asingoje tumbo lionekane, na apimwe kila majuma manne hivi hadi katikati ya mimba. Lakini ni wangapi walioambiwa? Na ni wangapi walioshauriwa na mama mkwe waache «dawa kali» kwa sababu ya mtoto? Kuiacha ndiko kunakomhatarisha mtoto. Kivu iliyozaa watoto wa Idjwi wa zamani haina udhuru wa kutolijua hili.

Wanaotujibu

Watasema: wagonjwa ni wengi, muuguzi ni mmoja. Najua. Najua pia kwamba wauguzi wengi wanafanya kazi miezi bila mshahara wa serikali, na ninawaheshimu. Lakini kosa la yaya liligharimu safari tano, vipimo sita, kulazwa siku tatu, na vitenge viwili vilivyopotea siku aliyoanguka. Dakika kumi za kueleza ni rahisi kuliko hayo yote.

Watasema: wagonjwa wengi hawajui kusoma. Yaya aliishia darasa la nne, na leo anasoma pmol/l kuliko mimi. Anayejua kugeuza franka kuwa dola kichwani, katikati ya kelele za soko, hawezi kushindwa na TSH. Na asiyejua kusoma ana mtoto anayesoma.

Watasema: mgonjwa akijua sana anakuwa na kiburi. Huyo si kiburi chake, ni woga wenu.

Tunachokiomba

Hatuombi hospitali mpya. Levotiroksini iko kwenye orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani, basi wakubwa wa afya wa mkoa waangalie isikosekane, na isiuzwe kama pipi. Mengine hayagharimu chochote.

Labo zote: andikeni namba, andikeni kipimo chake, andikeni mpaka wa kawaida, na mgonjwa aondoke na karatasi yake mkononi. Si ya kituo, ni yake. Vituo vya afya: kabla ya kubadilisha dozi, linganisheni herufi zinazofuata namba, na mumuulize anakunywa dawa saa ngapi na pamoja na nini. Andikeni kwenye fishi tarehe ya kipimo kinachofuata: majuma sita hadi nane baada ya kubadilisha dozi, na mambo yakitulia, mara moja au mbili kwa mwaka. Na mgonjwa akisema bado ni mgonjwa, fishi isifungwe.

Na wewe msomaji, weka karatasi zako zote ndani ya mfuko mmoja wa plastiki. Andika juu yake tarehe, dozi, na jinsi ulivyokuwa unajisikia. Usipokee karatasi bila kuuliza maswali matatu: Nini kilipimwa? Mpaka wake ni upi? Nirudi lini? Ukiambiwa «iko sawa», uliza: sawa na nini? Na moyo ukikimbia na kifua kuuma, au mtu mwenye tezi iliyolala akianza kuwa baridi, kuchanganyikiwa na kusinzia bila kuamka vizuri, hapo msiulize chochote, mpeleke hospitali saa ileile.

Yaya amerudi sokoni. Jana nilimkuta amekaa na mama muuza samaki wa jirani, karatasi ya labo imetandazwa juu ya kitenge cha mteja, kidole kiko kwenye zile herufi ndogo. Alikuwa anamweleza. Kazi hiyo haikuwa yake, lakini nashukuru kwamba ameifanya. Wanaolipwa kuifanya nao waifanye.

Mwandishi wenu, Bukavu.